Posa Iliyofikia Kichuguuni

Siku ya soko pale Manundu, Korogwe, mtu mwenye akili zake hapitishi gari uchochoro wa wauza nguo. Muhidini alipitisha. Aliiingiza Noah ya kijivu katikati ya meza, mitumba ikipangusa vioo, huku sauti ya mwanamke wa ramani ya kwenye simu ikimsisitizia kwa Kiingereza anyooshe mbele. Alinyoosha mpaka bampa ikagusa cherehani.

"Wewe kaka! Hayo ni macho au vifungo?"

Aliyefoka alikuwa fundi nguo, Faudhia, binti wa Sindeni, gauni la kitenge cha manjano, futi ya kupimia shingoni, ushungi umelegea kwa hasira.

"Samahani, dada. Ramani inasema hii ni barabara."

"Ramani yako imeniona mimi hapa?"

"Haijakuona. Ingekuona, ingenipitisha huku kila siku."

Faudhia alitaka kuendelea kugomba, akajikuta anacheka. Ndiyo ikawa imetoka hiyo. Mwaka haukuisha akawa anamwita Muhi wangu, naye Muhidini, aliyekuja kutoka Tanga kusambaza vipuri vya pikipiki, akawa anamwita fundi wa moyo. Na yule mwanamke wa kwenye simu akawa yupo kila safari, katikati yao.

"Nikikuelekeza mimi husikii," Faudhia alilalamika. "Akisema yeye, unakata kona hapo hapo."

"Yeye hafoki, mpenzi."

"Basi kamuoe yeye."

Hatimaye likaja suala la posa. Mzee Abdi, baba yake Faudhia, alikubali kuwapokea washenga Jumamosi baada ya adhuhuri. Alikubali shingo upande, kwa kuwa barua ya posa ya mwanamume mwingine, mwenye duka Handeni mjini, ilikuwa kabatini kwake tangu mwezi uliopita ikisubiri jibu.

"Alasiri ikiadhiniwa hawajafika," alimwambia binti yake, "namjibu wa Handeni. Mtu anayeshindwa kufika kwangu, wewe atakufikisha wapi?"

Faudhia, aliyekwenda kwao mapema kusaidia maandalizi, akampigia mchumba wake Ijumaa.

"Sikiliza vizuri. Ukiacha lami hapa Sindeni, nyoosha mpaka palipokuwa na mashine ya kusaga."

"Palipokuwa?"

"Waliihamisha. Hapo kata kushoto, utapita kwa Bibi Elina."

"Nitamkuta nje?"

"Alishahamia Mpale kwa mwanawe. Lakini pale ndipo kwa Bibi Elina."

"Faudhia, mpenzi wangu, unanielekeza kwa vitu ambavyo havipo! Nitumie lokesheni."

"Kwa Mzee Abdi kila mtu anapajua. Uliza tu."

"Niulize njia ya ukweni, na washenga wangu wamo ndani ya gari? Tuma lokesheni bwana."

Akaituma. Hapo ndipo walipoharibu wote wawili, na hakuna aliyejua.

Jumamosi Muhidini alikuwa dereva tu. Kwa desturi mposaji haonekani siku hiyo. Kazi yake ilikuwa kuwashusha wazee na kujificha mbali pamoja na gari lake. Nyuma alikaa baba yake mdogo, Mzee Ramadhan, kanzu imenyooshwa kwa pasi, koti jeusi, barua ndani ya leso nyeupe. Kando yake alikaa mshenga wa pili, mzee wa msikitini asiyependa maneno.

Karibu na Ngombezi simu ikapendekeza njia ya mkato, ya kuokoa dakika kumi na moja. Muhidini akakubali! Ndani ya mashamba ya mkonge kila njia ya trekta inafanana na nyingine, na ramani iliziita zote barabara. Walizunguka saa nzima, wakapita kibanda kile kile cha mlinzi mara tatu.

"Huyu mlinzi sasa ni ndugu yetu," alisema Mzee Ramadhan. "Mwulize njia."

"Simu inajua, baba mdogo."

"Inajua, ila haitaki kutuambia."

Muhidini akampigia Faudhia. Hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Akageuza gari, akarudi lami jasho likimtoka.

Saa tisa na nusu, baada ya kuacha lami na kupenya mashamba ya mihogo, yule mwanamke wa kwenye simu akatangaza kwamba wamefika. Mbele yao palikuwa na kichuguu kirefu kuliko Noah. Juu yake walisimama mbuzi wawili.

"Baba mkwe ni yupi?" aliuliza Mzee Ramadhan. "Yule mwenye ndevu?"

Nyumbani, wakati huo, pilau lilikuwa limepoa. Faudhia alikaa chumbani na gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe kwa wiki mbili. Kwa upenyo wa mlango alimwona baba yake akitazama saa, kisha kabati. Roho ikamuuma. Akajitupia kanga, akachukua simu, akatoka mbio kwenda kumpigia Muhidini amwambie yameisha, asimjue tena.

Alipofika mahali pa kupigia simu akaiona Noah.

"Muhidini! Unafanya nini hapa?"

"Lokesheni uliyonitumia!"

"Nilikutumia ya nyumbani!"

"Ulipotuma ulikuwa umesimama wapi?"

Faudhia akatazama juu ya kichuguu. Kwao hakuna mtandao hata kidogo. Kitongoji kizima hupanda kichuguu hicho ndipo simu zishike.

"Hapo walipo mbuzi," alisema polepole.

"Nimeposa kichuguu, Faudhia!"

"Sasa ningetuma kutokea wapi? Ungeuliza mtu mmoja, mmoja tu, saa hizi umeshakula pilau!" Akaangua kilio. "Nilijua umenikimbia, Muhi."

"Nikukimbie niende wapi? Hata kufika kwenyewe nimeshindwa."

Mzee Ramadhan akakohoa. "Binti, nyumba iko wapi?"

"Shikamoo, baba. Kutokea hapa gari halipiti, kuna korongo. Nitatangulia kwa mbali, mnifuate kama hatujuani."

"Marahaba. Wewe, Muhidini, baki na mbuzi."

Akabaki. Akawatazama wakipotelea kwenye mihogo, kanzu mbili nyuma ya kanga moja. Mara adhana ya alasiri ikasikika kwa mbali, naye hakujua kama wamewahi. Akaizima ramani. Kila dakika ilimkera, na wa kumlaumu alikuwa yeye mwenyewe.

Jua lilikuwa limepoa Faudhia aliporudi peke yake. Hakumtazama. Alipanda kichuguu, akabonyeza simu, na mfukoni mwa Muhidini, hatua tatu tu kutoka pale, simu ikaita.

"Haloo," alijibu Muhidini.

"Walifika muadhini anaanza. Baba amegomba, amegomba sana. Kisha akaitoa barua ya Handeni kabatini, akasema irudishwe kwa mwenyewe. Yako ameipokea."

"Faudhia..."

"Sijamaliza. Siku ya ndoa, huyo mwanamke wako abaki Korogwe."

"Nitafikaje?"

"Utauliza watu."

Muhidini akakata simu. Akasogea chini ya kichuguu, akamtazama juu.

"Samahani, dada. Kwa Mzee Abdi ni wapi?"

Faudhia akafuta machozi kwa pindo la kanga.

"Nyoosha," alisema, "mpaka palipokuwa na mashine ya kusaga."