Ukungu wa Kioo cha Nyuma

Jioni ile tulikwenda mtaa wa Bigo, mimi na mume wangu Fabrice, kuchukua gari kwa fundi. Mvua ilikuwa imetulia kidogo, jua linazama, na watu wanafunga biashara mapema, kama kawaida ya mji ambao amani yake bado unaikanyaga kwa mguu mmoja.

Gari ni Peugeot 404 ya marehemu baba mkwe, rangi ya maziwa, kuukuu kuliko mimi. Ilizaliwa bila resistansi, zile nyuzi nyembamba zinazobandikwa kwenye kioo cha nyuma, zipate moto wa batri, zikaushe ukungu. Fabrice alikuwa ameziagiza kutoka Kampala. Mtu ambaye dirisha la jikoni kwangu limepasuka tangu Pasaka na hajaliona.

Nilijua kwa nini. Au nilidhani najua.

Kila kioo kile kiliposhika ukungu, alama ilijitokeza upande wa kushoto. Kichwa cha mwanamke aliyesuka, mistari ya nywele na mafuta yake. Nikifuta kwa sabuni, kesho yake ipo. Mimi sisuki, nimenyoa tangu chuo. Jumapili kanisani niliacha kusikiliza mahubiri, nikawa nakagua visogo vya wamama. Na sasa bwana kaleta mtambo wa kufuta ushahidi. Nikaapa moyoni: leo nitamjua, na nikimjua tu, nafungasha vitu vyangu.

Fundi Léon alikuwa anapangusa mikono.

"Kazi imeisha, Papa Fabrice. Waya nilitaka kupitisha chini ya kiti ya nyuma. Lakini ile kiti..."

Akanitazama, akameza maneno.

"Ile kiti iko na nini?" nikauliza.

"Iko muzito, Madame." Akacheka peke yake. "Siye wanaume wawili tulishindwa kuinyanyua. Kama kuko mutu amekaa. Nikapitisha waya pembeni."

Fabrice hakucheka.

Tukaondoka, yeye kwenye usukani, mimi mbele kando yake. Mvua ikarudi. Kioo cha nyuma kikafunga ukungu, nami nikageuka kutazama.

Alama ilikuwepo.

"Ni nani?" nikauliza.

"Nani nini?"

"Ule mwanamuke unabeba nyuma. Usinifanye mutoto, Fabrice. Nipe jina yake, nishuke."

Fabrice akabonyeza kitufe kipya chini ya usukani.

Nyuzi zikapata moto. Ukungu ukaanza kukatika mstari kwa mstari, kutoka chini kwenda juu, na kioo kikawa safi. Isipokuwa sehemu moja. Duara dogo, upana wa kiganja.

Likapungua.

Likapanuka.

Likapungua...

Mtu alikuwa akipumua.

Kiti kilikuwa kitupu. Kisha ikaja harufu, majani ya mkaratusi yaliyochemshwa, yale ya kumfukizia mgonjwa wa kifua.

"Clarisse," Fabrice akasema taratibu.

Clarisse ni mke wake wa kwanza. Nilijua alikufa kwa kifua, majira ya mvua, akiletwa hospitali kutoka kijiji cha Bogoro. Sikujua alikata roho wapi. Sasa nikaelezwa, yeye macho barabarani. Kizuizi cha barabarani kilikuwa kimefungwa mpaka asubuhi, askari hawapitishi mtu. Clarisse alikuwa kwenye kiti hiki hiki cha nyuma, kichwa kwenye kioo, akilalamika baridi. Kulipopambazuka, akawa halalamiki tena.

"Na matanga?" nikanong'ona. "Uliniambia waliondoa matanga mbele ya kunioa."

"Waliondoa."

Kwa kina Clarisse, siku ya kuondoa matanga, ndugu za marehemu huja kuchukua vitu vyake, na kwanza kabisa kitanda alichofia, ili asibaki na mahali pa kurudia. Walikuja. Wakachukua nguo, sufuria, kitanda. Kila mtu hufia kitandani, nani angeuliza?

Fabrice naye hakuwaambia habari ya kiti.

"Kesho tuwapelekee ile kiti," nikasema. "Nakuomba."

"Weye kaa mbele tu, Martine." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Yeye hana neno na weye."

Nimesoma. Chuoni niliandika kurasa nyingi kuhusu imani za watu wa huku, kwa hekima ya mtu anayezima taa na kulala. Lakini kilichonipanda kifuani hakikuwa woga peke yake. Kilikuwa wivu. Mimi, mwenye damu na homa zangu, hajawahi kuniagizia hata blanketi.

"Sasa ile resistansi ni ya nini? Uone barabara?"

"Barabara iko mbele."

Akanyoosha mkono, akakigeuza kile kioo kidogo cha juu cha kutazamia nyuma, mpaka kikaelekea kiti cha nyuma. Akatabasamu. Tabasamu lile sikuwahi kupewa.

"Ungali unasikia baridi?" akauliza.

"Hapana," nikasema haraka, meno yangu yanagongana.

Hakugeuka. Hakuwa ameniuliza mimi.

Nyuma yetu springi za kiti zikalia, polepole, kama za mtu anayejisogeza kumwachia mwenzake nafasi.

Fabrice akapunguza mwendo, akasimama kando ya njia.

"Endesha weye," akasema. Akashuka kwenye mvua, akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

Ningeweza kushuka. Mwanamke mwenye akili angeshuka, angekimbia na viatu mkononi. Lakini nishuke, nimwachie Clarisse mume na gari pia?

Nikahamia kwenye usukani. Nikaendesha kuelekea nyumbani. Mara moja tu nilithubutu kugeuka. Nyuzi zilikuwa bado zina moto, kioo kikavu, na juu yake maduara yalikuwa mawili.

Yalipungua pamoja. Yakapanuka pamoja.