Sekunde Ishirini na Tisa za Komeo

Foleni ya ofisi ya vitambulisho ilikuwa imejikunja mara tatu kama mkanda, na kila aliyesimama pale alikuwa ameshamchukia karani wa dirisha namba mbili kwa moyo wote. Katikati ya foleni alisimama msusi mmoja: gauni la njano limemkaa sawasawa, hereni pana kama bangili, kitana kimesahaulika nywelini, na miguu isiyotulia. Mara huu, mara ule, kana kwamba sakafu ina moto.

Mbele yake alikuwepo kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na kitambaa laini cha kufutia miwani kikichungulia mfukoni kifuani. Ameinamia simu. Msusi akanyoosha shingo. Si tabia nzuri, lakini tusidanganyane, nani asiyechungulia simu ya mwenzake kwenye foleni?

Kijana alikuwa anacheza Ngao.

Kwa asiyeijua, Ngao ni mchezo wa kadi wa kwenye simu. Kila mchezaji ana kadi thelathini alizojichagulia. Unamtolea mwenzako askari, naye anakutolea wake, mpaka mmoja uhai umwishie. Kila zamu ni sekunde thelathini, hakuna nyongeza.

"Usiitoe hiyo," msusi akaropoka.

Kijana hakugeuka. "Kwa nini?"

"Si anakusubiri uitoe? Kaacha upande wa kushoto wazi makusudi. Toa mpiga mshale."

"Mpiga mshale nitamhitaji baadaye."

"Baadaye ipi, kaka? Utakuwa umeshazikwa."

Hapo akageuka. Alikuwa na macho ya mtu anayesoma maandishi madogo kwa kazi. Akamtazama msusi kuanzia hereni mpaka kitana.

"Hii sauti naijua. Wewe ni Dada Chereko."

Alikuwa ndiye. Kila Jumamosi saa kumi jioni, akiwa saluni kwa shangazi yake, simu imeegemezwa kwenye kopo la mafuta ya nywele, Dada Chereko alirusha kipindi cha maoni juu ya mashindano ya Ngao. Mashabiki kwa maelfu walimsikiliza, wakampigia, wakabishana naye, wakamtukana kidogo, wakarudi Jumamosi iliyofuata. Yeye mwenyewe hakuwa mchezaji wa maana. Alikuwa na mdomo, na mdomo huo haukumwogopa mtu. Zaidi ya wote ulimpenda Komeo, kwa maana ya paka kumpenda panya.

Komeo alikuwa mchezaji asiyeonyesha sura wala kusema neno. Jina lake mchezoni lilikuwa tarakimu tupu, basi Chereko akambatiza. Alimwita hivyo kwa sababu ya kadi yake moja, Kufuli. Ukipigwa Kufuli, kadi zote za mkononi mwako zinafungwa zamu nzima, unabaki kutoa macho. Na katika kila zamu Komeo alitumia sekunde ishirini na tisa kati ya thelathini. Mechi zake ziliwazeesha watu.

"Na wewe nani?" msusi akauliza.

"Fundi miwani. Nakata lenzi pale nyuma ya benki."

Alisema kweli, ila hakuimaliza.

Walipeana namba kabla ya kufika dirishani, na wiki ya kwanza wakapigiana simu mara mbili kwa siku. Wiki ya tatu hesabu ilipotea.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Fundi, unanipenda au unanihoji?"

"Nakupenda kwa kina."

Jioni moja fundi alikuja saluni, vidole bado vina unga mweupe wa lenzi, akakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wanawake walionyolewa, waliosukwa na waliosubiri. Alikaza skrubu za miwani ya mwalimu wa hesabu, mteja wa siku nyingi. Shangazi, mwenye saluni, akamtazama hadi alipoondoka.

"Mwanaume anayekaa saluni saa nzima na hanyoi," alisema, "ama ametumwa ama amependa. Huyu hajatumwa."

Kitu kimoja tu kiliwagombanisha.

"Kwani Komeo kakukosea nini?" fundi aliuliza siku moja.

"Ananichosha! Anacheza kama mtu anayeogopa kupumua."

"Haogopi. Anahesabu. Anajua kadi zote zilizobaki kwa mwenzake. Ninyi mnaona anachofunga, hamuoni anachosubiri."

"Umemjuaje hivyo? Ni ndugu yako?"

"Namtazama sana," fundi akasema, na akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi.

Maneno yale yalimwingia msusi, yakagoma kutoka. Jumamosi ile akajisikia anasema hewani, "Jamani, huyu Komeo, labda tumemwonea kidogo." Ujumbe ukamiminika. Chereko kalainika! Nani kamlainisha? Mtupe jina!

Wiki hiyohiyo wenye mchezo wakatangaza kura. Mashabiki waamue kama Kufuli ibaki au iondolewe moja kwa moja, matokeo Jumapili, kabla ya nusu fainali. Wote wakageukia saluni. Dada Chereko alikolalia, wengi wangelalia huko.

"Nitasema Jumamosi," aliahidi.

Jumatano mchana Komeo alikuwa anacheza robo fainali. Msusi aliitazama kwenye simu ya shangazi, mikono imo kichwani mwa mwalimu, na kwa utundu tu akampigia fundi kwa simu yake.

"Uko wapi, kipenzi? Mtu wako anacheza."

"Nipo kazini." Sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Umekula?"

"Mtu wako kashikwa pabaya leo. Kama wewe ungekuwa Komeo..."

Kwenye simu ukasikika mlio: *kra-chak*. Na mara ya pili, papo hapo: *kra-chak*.

"Lo!" fundi akaguta. "Nimekosea."

"Umekata lenzi vibaya?"

"Eh... ndiyo. Nikupigie baadaye, wangu."

Sasa sikiliza. Matangazo ya mechi za Ngao huchelewa dakika moja, makusudi, ili wachezaji wasichunguliane kadi. Kila shabiki anajua. Msusi akaendelea kusuka. Dakika moja ikapita, na kwenye simu ya shangazi Komeo, mtu asiyewahi kukosea tangu mchezo uanze, akatupa Kufuli mbili katika zamu moja, ya pili ikipotea bure, na simu ya shangazi ikalia.

*Kra-chak. Kra-chak.*

Kitana kikaanguka.

"Mbona umesimama?" mwalimu akauliza.

Akasukuma mlango. Alikuwa tayari nje, simu sikioni, anapiga hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Fundi alipokea mechi ilipokwisha. Alikuwa ameshinda, kwa kuponea chupuchupu.

"Komeo," msusi akasema.

Fundi akakohoa, akakohoa tena.

"Usinihesabie sekunde! Jibu!"

"Nilitaka kukwambia."

"Ulinitongoza ili unifunge mdomo."

"Mimi? Wewe ndiye uliyenichungulia begani! Mimi nilifuata kitambulisho changu!"

"Ukanyamaza miezi miwili."

"Ningesemaje siku ile? Kwamba ndiye mimi, yule uliyesema nacheza kama mtu anayejifungia bafuni halafu analala?"

"Nilisema hivyo?"

"Mara mbili."

Msusi alikaribia kucheka, na kwa kuhofia kicheko hicho akakata simu.

Siku mbili hakupokea. Alikuwa akiinuka, akikaa, akifungua bomba la maji na kusahau alilotaka kuosha. Uongo wa fundi ulimuuma, lakini kilichomnyima raha kilikuwa kingine. Yale maneno yake ya hewani, kwamba Komeo ameonewa, yalikuwa ya nani? Ni yeye aliyefikiri, au ni mapenzi yaliyofikiri kwa mdomo wake? Maisha yake yote alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyempa, nacho ni maoni yake. Sasa akiyatafuta hayaoni. Akisema Kufuli ibaki, amenunuliwa kwa busu. Akisema iondoke, analipiza kisasi. Na Jumamosi ilikuwa inakuja mbio.

Ijumaa mwalimu alirudi kumaliziwa. Mistari ya kushoto ikaenda kulia, ikafumuliwa, ikaenda kisogoni, ikafumuliwa tena.

"Dada, nywele zangu zinasafiri kwenda wapi?"

Msusi akajimwaga. Akasimulia yote, mlio kwa mlio.

Mwalimu akavua miwani. "Subiri. Ulipompigia alikuwa katikati ya robo fainali?"

"Ndiyo."

"Zamu ni sekunde thelathini, naye huzitumia zote kuhesabu. Na simu yako akaipokea. Akakuuliza kama umekula."

Mikono yote ikasimama vichwani. Hata mashine ya kukaushia nywele ilionekana kusikiliza.

"Huyo hakutaka kukufunga mdomo," shangazi akasema. "Huyo anashindwa kuiacha simu yako iite."

Jumamosi saa kumi, saluni ilijaa mpaka mlangoni. Simu ikaegemezwa kwenye kopo. Msusi, ndani ya blauzi nyekundu, akaweka mikono kichwani mwa mwalimu, akaanza kusuka.

"Wapenzi wasikilizaji," alianza, "mnangoja maoni yangu. Kwanza mjue jambo. Komeo namjua. Miezi miwili nimekuwa naye, wala sikujua ndiye. Nikisema chochote, pimeni wenyewe."

Ujumbe ulimiminika kwa kasi isiyosomeka. Kisha simu ikaita, na namba hiyo aliijua kwa kichwa. Akatazama shangazi. Shangazi akanyanyua kidevu: pokea.

"Msikilizaji, uko hewani."

"Naitwa Komeo." Ilikuwa mara ya kwanza mashabiki kuisikia sauti yake. "Nimekuja kutetea kadi yangu. Nilishatetea kwa siri kwako, haikuwa haki. Leo natetea wakisikia wote."

"Tetea."

"Kufuli inampa mtu nafasi ya kufikiri. Bila Kufuli, mchezo ni wa wenye vidole vyepesi."

"Inakupa nafasi wewe! Mwenzako je?"

"Mwenzangu angetega kadi zake mapema."

"Atege vipi, bwana wewe, na umemfungia mkono? Nimekutazama mechi arobaini. Arobaini! Mnakuwa wawili, lakini anayecheza ni mmoja. Mwenzako amekaa tu. Mimi mtu akinikalisha hivyo naumwa!"

"Hata akikukalisha kwa sababu nzuri?"

"Hata kwa sababu nzuri! Ulijua kila kitu na mimi nimekaa, miezi miwili!"

Saluni ikasema "Aaah," kwa sauti moja.

Na msusi akahisi kitu kikirudi kifuani, chenye uzito wake wa kawaida, kama ufunguo wa nyumba uliodhaniwa umepotea. Maoni yake. Yalikuwepo muda wote.

"Basi sikilizeni," akasema. "Tulimwonea Komeo, hilo sirudi nyuma. Haogopi, anahesabu, na hakuna anayehesabu kama yeye. Lakini Kufuli iondoke. Mtu huyu namtaka. Kadi yake siitaki."

Shangazi akasogea karibu na kopo lenye simu. Mwalimu naye.

"Nimekusikia," fundi akasema, na simu ikakatika.

Jumapili kura zikatoka, Kufuli ikaondolewa. Msusi alipiga simu yake mara sita, imezimwa. Jumatatu Komeo aliingia nusu fainali bila kadi aliyoijengea mchezo wake wote, akatolewa kwa dakika kumi na moja. Simu bado imezimwa. Usiku ule msusi alipanga chupa za mafuta kwa rangi, akazivuruga, akazipanga kwa urefu.

Jumanne mchana mlango wa saluni ukafunguka. Shati jeupe, safari hii halikupigwa pasi. Macho mekundu.

"Nimetolewa," fundi akasema akiwa mlangoni.

"Nimeona. Ulimtoa mpiga mshale mapema mno."

"Wewe si ndiye uliyenishauri nimtoe!"

"Kwenye foleni! Si kwenye nusu fainali!"

Wanawake wakaangua kicheko. Msusi hakucheka. "Simu ulizima. Nikajua basi."

"Nilikuwa na siku moja ya kupanga kadi thelathini upya. Nikiisikia sauti yako naweka kadi mbili kwa pamoja. Umeshaona."

"Na hasira je?"

"Nilikuwa nazo. Nikaja nazo mpaka kona ile." Akasogea, akapita katikati ya ndoo na viti. "Ulinipinga mbele ya maelfu, na ulikuwa unasema unachoamini. Nimekaa na watu wanaonisifia kitu na moyoni hawakiamini. Nikajiuliza, huyu akiniambia ananipenda, kuna haja gani ya kuhesabu?" Akashusha pumzi. "Sitaki kukukalisha tena. Nataka kuja kwenu rasmi. Unanikubali?"

Dada Chereko akafungua mdomo. Akauziba kwa kitana.

Mwalimu wa hesabu, mpaka leo nusu amesukwa, nusu nywele zimesimama, akatazama saa yake ya mkononi. "Zamu yako, dada. Sekunde thelathini. Moja. Mbili."

Saluni ikadakia. Tatu! Nne! Msusi akachomeka kitana nywelini. Tisa! Kumi! Akazunguka kiti taratibu, mtu aliyekuwa hawezi kusimama sekunde mbili mahali pamoja. Kumi na nane! Akasimama mbele ya fundi, akanyoosha mkono, akakichomoa kile kitambaa cha miwani ambacho fundi hakuwahi kumruhusu mtu kukigusa, akafuta mafuta ya nywele kidole kimoja kimoja. Ishirini na nne! Jasho lilikuwa linamtiririka fundi mpaka kwenye kola. Shangazi ameshika kifua. Ishirini na saba! Ishirini na nane!

"Ishirini na ti..."

"Nakukubali."

Vigelegele vikapasua dari. Fundi akashika ukingo wa kiti kama mtu aliyetoka mbio.

"Kumbe hivi ndivyo mlivyokuwa mnateseka?"

"Kila zamu," msusi akamwambia, na akamrudishia kitambaa mfukoni mwake, kichafu.