Daraja Jekundu Kwenye Simu

Lori la mashine za kufulia lilikula kona likiegemea upande mmoja, likaingia barabara ya darajani.

Kozi akakanyaga mafuta. Subaru ikanguruma. Taa za njia panda zikawaka nyekundu, basi la wafanyakazi likajitia katikati, na lori likapotea machoni.

"Kozi, ripoti." Redio ilikoroma. Alikuwa Mkuu wa Idara.

"Nipo nyuma yao, Mkuu."

Hakuwa nyuma yao. Ila kwa Kozi hiyo ilikuwa namna ya kusema tu, wala haikumkosesha raha.

Ndani ya zile mashine mlikuwa na bastola, zimepangwa kwenye mapipa ya kuzungushia nguo. Zilikuwa mali ya mfanyabiashara wa silaha kutoka nje, mtu waliyemwita Tajiri. Na mbele ya lori, kati ya dereva na mlinzi mwenye shingo ya fahali, alikaa karani wa mzigo, mama wa makamo mwenye maneno mengi.

Karani huyo alikuwa mpelelezi wa Idara. Wenzake walimwita Shangazi, kwa sababu aliwagombeza wote bila upendeleo. Nusu yao alikuwa amewafundisha kazi yeye mwenyewe. Kozi alikuwa mmoja wao.

Tajiri alimjua Shangazi kwa sura. Lori likifika kwenye ghala lake ng'ambo ya mto, mama huyo hatoki hai.

Kwa hiyo lisingefika. Katikati ya daraja, mahali pasipo na uchochoro wa kukimbilia, Shangazi angekata umeme wa injini kwa swichi iliyofichwa chini ya kiti chake. Kozi, akiwa nyuma yao, angemaliza yaliyobaki. Polisi hawakuambiwa, maana Tajiri alikuwa na masikio huko. Walikuwa wawili tu, na sharti lilikuwa moja: swichi isiguswe mpaka Kozi awe nyuma ya lori.

Simu iliyopachikwa juu ya usukani ikatoa sauti tamu ya kike.

"Kuna msongamano mkubwa darajani. Njia mbadala imepatikana. Geuka kushoto."

Kozi alitazama. Daraja zima lilikuwa jekundu kwenye kioo cha simu, mwanzo mpaka mwisho.

Akatabasamu. Kama daraja limeziba, lori nalo limekwama. Angezunguka kwa njia mbadala, atokee ng'ambo, awasubiri mikono mfukoni.

Akageuka kushoto.

Jana yake ofisini palikuwa na ubishi. Idara ilitaka kuamua: ibaki na vile vifaa vya GPS vya kubandika kwenye kioo cha gari, vizito, vyenye ramani zake ndani, au wapelelezi wote wapewe simu za kisasa? Kozi alisimama mbele ya watu akaishika ile GPS kwa vidole viwili, kama soksi chafu. Akaiita kobe. Akasema simu inajua foleni, inajua ajali, inajua hata barabara iliyofungwa asubuhi ile.

"Inajua kwa sababu inaambiwa," Shangazi alisema. "Kila mwenye simu anaiambia. Je, akiiambia uongo?"

"Shangazi, wewe umepitwa na wakati. Ukipewa simu utaishikilia juu chini."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Shangazi aliinama akaendelea kufunga kamba za kiatu chake.

Sasa njia mbadala ilimpeleka Kozi kwenye mtaa wa maseremala. Mtaa ukazidi kuwa mwembamba. Mbele palikuwa na gari la mikate. Mbele ya gari la mikate palikuwa na teksi, na mbele ya teksi gari la kubebea mchanga, na foleni ikaendelea hadi mwisho wa macho. Nyuma yake magari mengine yakajipanga. Vioo vilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na kutoka kila gari ilisikika sauti ileile tamu, zikipishana kidogo kidogo.

"Endelea moja kwa moja. Endelea moja kwa moja."

Wote walikuwa wameepushwa na daraja. Wote walikuwa wamekuja hapa.

Simu ikaita.

"Shemeji! Hujambo, shemeji?" Sauti ya Shangazi ilikuwa ya kichangamfu, ya mama anayepiga umbea njiani. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha waliyopatana, maana mlinzi alikuwa amekaa bega kwa bega naye.

"Sijambo, shemeji."

"Sisi tunaingia darajani. Njia nyeupe, tunateleza tu! Mgeni keshafika hapo nyumbani?"

Maana yake: uko nyuma yetu?

Njia nyeupe. Kozi alitazama tena lile daraja jekundu: simu ilikuwa imemdanganya. Neno alilotakiwa kusema lilikuwa fupi sana. Bado. Shangazi angelisikia, angeacha swichi, angebuni njia nyingine ya kuchelewesha safari. Angejifanya anataka kutapika, angefanya lolote.

Lakini *bado* ilikuwa na maana nyingine pia. Ilikuwa na maana kwamba simu imempoteza. Ilikuwa na maana ya kicheko cha jana kumgeukia yeye, mbele ya watu walewale, na Shangazi akiwa na haki ya kucheka kuliko wote. Uso ukamwaka moto hata kabla ya aibu yenyewe kufika.

"Keshafika, shemeji," akasema. "Anakunywa maji."

"Haya, Mungu ashukuriwe," Shangazi akajibu, na simu ikakatika.

Kozi akabaki anaikodolea macho. Kwa dakika hiyo mwanamke mmoja alikuwa anapeleka mkono chini ya kiti kwa kuwa amemwamini.

"Nimefanya nini," akasema kwa sauti.

Akapindisha usukani. Gurudumu likapanda kibaraza cha seremala, vumbi la mbao likaruka, fundi mmoja akaokoa mguu wa meza na kumtukania ukoo wake wote. Kozi akaomba msamaha bila kusimama.

"Geuka urudi kwenye njia mbadala," simu ikabembeleza. Alipoitaka imrudishe darajani ilimchorea mzunguko mwingine, mrefu zaidi, na mwingine tena. Daraja haikulitaka kabisa.

Akaing'oa, akaitupa siti ya nyuma. Akafungua droo ya dashibodi kutafuta risasi za akiba, na mkono ukakutana na kitu kizito.

Ile GPS. Imejazwa chaji, waya wake umefungwa vizuri kwa mpira. Ni Shangazi peke yake aliyefunga waya kwa namna ile. Alikuwa ameiweka asubuhi, wala hakusema neno.

Akaiwasha. Kobe hakujua habari ya foleni, ajali wala msongamano. Alijua barabara tu.

"Kulia. Kisha kulia. Daraja, mita mia nne."

Akapita kwa ua wa mbao, akabomoa lango la mabati, akatokea barabara kuu.

Daraja lilikuwa tupu.

Lilikuwa tupu kama uwanja baada ya mechi, isipokuwa mwanaume mmoja aliyesukuma mkokoteni polepole, kwa mwendo wa gari lililo kwenye foleni. Juu ya mkokoteni zilikuwa simu, zimetandazwa kama dagaa wa kuanikwa, kila moja ikiwaka ramani. Kwa kompyuta za huko zinakotoka ramani, huyo bwana alikuwa msururu mzima wa magari yaliyokwama. Tajiri alikuwa amejisafishia daraja kwa mkokoteni.

Mbele, katikati, lori lilikuwa limezimika. Dereva ameingiza kichwa kwenye injini. Mlinzi alikuwa amemkunja Shangazi mkono nyuma ya mgongo na kumlaza juu ya reli ya daraja, nusu ya mwili wake ikining'inia juu ya maji.

"Hiyo swichi chini ya kiti ni ya nini? Nani amekutuma? Nani?"

Breki zikalia. Kozi akatoka na bastola yake ya Glock mkononi.

"Mwachie!"

Mlinzi akageuka, akamvuta Shangazi awe ngao. Shangazi akalegeza miguu akaanguka kwa uzito wake wote, na mfupa wa mkono uliokunjwa ukalia. Mlinzi akabaki wazi.

Risasi moja, ya paja. Mlinzi akaketi chini akipiga yowe. Dereva akainua mikono, spana bado kaishika. Bwana wa mkokoteni akatimua mbio. Kozi akawafunga pingu mlinzi na dereva.

Kazi ilikuwa imekwisha. Bastola zote zilikuwa kwenye mapipa yake, na kwa namba iliyokuwa kwenye simu ya dereva wenzao wa Idara walimnasa Tajiri akiwa bado amekaa ghalani, anangoja mzigo.

Redio ikakoroma. "Kozi! Kazi safi sana! Sasa niambie, maana nasubiri neno lako. Tununue simu kwa wote?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, mkono wake umepinda mahali pasipo na kiwiko. Hakulia wala hakugombeza. Kozi angetoa chochote agombezwe.

"Uliniambia umefika," alisema taratibu.

"Nilikuwa kwa maseremala."

"Nilikata injini kwa sababu uliniambia umefika. Niliangalia nyuma kwa kioo, Kozi. Niliangalia mpaka walipofungua mlango."

Kozi akabonyeza redio.

"Mkuu, simu ilidanganywa, lakini Shangazi hakuvunjika mkono kwa sababu ya simu. Aliniuliza kama nipo nyuma yao, nikasema nipo. Niliona haya kusema bado."

Redio haikusema tena kazi safi.

Gari la wagonjwa lilipofika, Kozi alisogea amshike Shangazi bega zima, amsaidie kuinuka. Shangazi akampa bega hilo muuguzi.

Kozi akawaachia wenzake wa Idara Subaru, lori na watu wake, akavaa miwani yake ya jua, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini. Magari yalikuwa yameanza kurudi darajani. Dereva wa teksi alitoa kichwa dirishani, akaona lori, pingu na yule mtu mrefu anayetembea bila haraka, akampigia makofi, na abiria wake nao wakaitikia. Kozi aliinamisha kichwa, akaongeza mwendo.