Nilivyoingia Ukweni na Gari Iliyokufa

— Sukumeni, lakini kimya! Mutu asisikie!

Ndivyo nilivyowaambia wale wanaume wanane, saa nne ya asubuhi, juu ya kilima cha mwisho kabla ya kuingia Kabambare. Walikuwa wakulima wanakwenda mashambani mwao, nikawasimamisha kule bondeni na kuwabembeleza wanisukume mpaka juu. Majembe yao nimeyaweka kwenye buti. Mimi niko ndani, kanzu nyeupe mpya, nimeshika usukani kama waziri.

Mmoja wao, mzee mfupi, akainama dirishani.

— Mwanangu, gari hii haina moteri?

— Iko nayo, papa. Inapumzika tu.

— Inapumzika ao imekufa?

— Papa, sukuma.

Simu ikalia. Ni ujumbe wa Amisa, mchumba wangu, ambaye nyumba ya baba yake ilikuwa pale chini ya kilima, na watu wamejaa wananingoja nilete mahari.

"Uko wapi?"

Nikaandika: "Niko karibu, mpenzi. Moteri inanguruma, wewe mwenyewe utasikia."

"Kama kuna shida uniambie. Nakuja kukuchukua na pikipiki. Hakuna haya."

"Shida gani? Gari ya Ulaya hii!"

Mungu anisamehe. Naandika hayo, na mafuta yote ya moteri yamebaki saa moja nyuma, kwenye jiwe la bondeni lililopasua tumbo la gari. Taa nyekundu iliwaka, nikaiona vizuri, nikaendelea kukanyaga kwa sababu ukweni wananingoja. Moteri ikagonga mara tatu, ikanyamaza. Haikusema neno tena mpaka leo.

Utaniuliza, Ayoubu, mtoto wa Kasongo mwenye akili zako, gari ya mbio uliitafutia nini kwenye njia ambayo hata mbuzi anachagua pa kukanyaga? Ngoja nikwambie, ingawa uso unaniwaka.

Mwaka uliotangulia nilikwenda Kabambare kujitambulisha, kwa pikipiki, wakati wa mvua. Nilifika na matope mpaka ndani ya masikio. Shangazi yake Amisa akanitazama, akasema mbele ya watu wote:

— Wewe mutu wa pikipiki, abiria wako iko wapi? Pita kule nyuma ya jiko, watakupa chakula.

Nami nikapita! Nikala ugali nyuma ya jiko pamoja na kuku, nikiona haya kusema kwamba mchumba ndiye mimi. Amisa ndiye aliyekuja kunitoa huko, akicheka mpaka machozi. Yeye alicheka na kusahau. Mimi sikusahau. Niliapa wallahi, siku ya mahari huyo shangazi atanipigia vigelegele kwa sauti yake yote.

Basi Gédéon, rafiki yangu wa zamani anayeuza magari Lubumbashi, akanitumia picha. Nyekundu, milango miwili, turbo mbili, viti vya ngozi nyeupe. Nilimpigia Amisa usiku uleule. Yeye ana duka la vipuri vya pikipiki pale Kabambare, na ndiko tulikojuana. Vyuma anavijua kuliko mimi.

— Nzuri kabisa, Ayoubu. Imetembea kilomita ngapi?

— Gédéon anasema kidogo tu.

— Kidogo ni ngapi? Na turbo zimekwisha kubadilishwa?

— Amisa, gari inapendwa, haiulizwi maswali kama mwizi!

— Mimi nauliza. Hiyo taa ya rangi ya chungwa kwenye picha, karibu na saa ya mwendo, ni ya nini?

— Gédéon anasema ni kawaida yake.

— Taa haiwaki kwa kawaida. Sikiliza. Gari ya namna hii ikisema naumwa, fundi anaiunga na kompyuta ndipo anajua inaumwa wapi. Kasongo nzima, nani iko na hiyo kompyuta?

Nikahesabu mafundi wetu wote kichwani, hakuna.

— Na tangi lake linataka esanse safi. Sisi esanse tunanunua kwenye chupa kando ya njia, nani anajua mule ndani mna maji kiasi gani? Tena iko chini. Jiwe moja tu, Ayoubu. Jiwe moja, na mafuta yote yako chini.

— Kwa hiyo unataka nije tena kwenu kama mutu wa pikipiki?

— Nataka ufike.

— Unanionea haya. Sema tu kweli!

— Mimi? Mimi sina haya na wewe. Wewe ndiye uko nayo na wewe mwenyewe.

Nilimkatia simu. Kesho yake niliuza pikipiki zangu mbili, zile zilizokuwa zinabeba mchele na mawese yangu tangu Kasongo mpaka Wamaza na hazijawahi kunilaza njiani. Gari ikaja na treni mpaka kituo cha Samba, ikavushwa mto Lualaba, na siku iliyofika Kasongo mtaa mzima ulitoka. Kwa wiki moja nilikuwa mtu. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limejaa makofi.

Haya, turudi kilimani.

Wale wanaume wakasukuma, gari ikashika mteremko, ikaenda yenyewe. Kimya! Batri ilikuwa hai, nikabana honi tangu juu mpaka chini. Piiii! Watoto wakakimbia mbele. Nikakata kona, nikaingia uani kwa Papa Ramazani, breki, nikasimama katikati ya mikeka. Vigelegele! Na aliyepiga kuliko wote ni shangazi.

— Huyu ndiye mukwe! Mumeona? Huyu ndiye!

Nilikuwa nimekipata nilichokitaka. Nikashangaa kwamba hakina utamu.

Papa Ramazani, baba yake Amisa, mtu mpole wa maneno machache, akaizunguka gari polepole, akaipapasa.

— Hata moteri haisikiki, mwanangu. Gari ya kweli hailalamiki.

— Ndiyo, papa. Vitu vya Ulaya havipigi kelele.

Mjomba wangu, aliyetangulia jana yake na mbuzi na vitenge, akatikisa kichwa kwa fahari. Lo, mjomba yule! Nikamtazama nikatamani ardhi inimeze.

Amisa alitoka ndani, amejifunga kitenge cha njano, mzuri hata nikasahau kupumua. Hakunitazama mimi. Aliweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha pale. Boneti ilikuwa baridi.

Akanisogelea, akanong'ona:

— Ayoubu. Kuna neno unataka kuniambia?

— Neno gani?

— Lolote.

— Hakuna, mpenzi. Njia tu ilinichosha.

Akashusha macho. Ile ilikuwa nafasi ya mwisho aliyonipa, nami niliiona ikipita.

Kabla hatujakaa, ukelele ukatoka ndani ya nyumba. Ilikuwa Safia, dada yake mkubwa, mimba yake imetimia. Shangazi akakimbilia ndani, akatoka mbio.

— Maji ya uzazi yamemwagika! Mutoto iko karibu, na Safia iko anatoka damu!

— Leteni pikipiki! mtu akasema.

— Pikipiki gani? Hawezi kukaa! Gari si hii hapa? Mukwe, washa gari! Mungu amekuleta!

Uwanja wote ukanigeukia. Papa Ramazani mwenyewe alinifungulia mlango, kwa mikono yake.

— Twende, mwanangu. Hospitali si mbali. Washa.

Niliingia nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik. Jasho likanitoka mpaka kwenye visigino.

— Washa, Ayoubu!

— Papa...

— Washa, mutoto wangu anakufa!

— Haiwaki, papa. Imekufa. Imekufa tangu kule bondeni.

— Lakini umeingia nayo sasa hivi! Sote tumekuona!

Wakati huohuo wale wanaume wanane wakatokea langoni, vumbi jekundu limewafunika mpaka kope. Yule mzee mfupi akavua kofia.

— Jambo yenu. Samahani, mukwe amesahau kutupa majembe yetu. Iko kwenye buti.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mjomba wangu alijifunika uso kwa kofia yake. Shangazi alinitazama, na safari hii hakukosea mtu.

Amisa peke yake ndiye aliyesogea.

— Ni nyinyi muliisukuma mpaka hapa?

— Ndiyo, mama.

— Aksanti. Basi tusaidieni kuisukuma mpaka hospitali. Kiti chake kinalala, Safia atalala. Njia ni tambarare. Mimi nashika usukani.

— Na mimi? nikauliza.

— Wewe nyuma, pamoja na wenzako. Si ulitaka kuja na gari?

Tukamlaza Safia juu ya ile ngozi nyeupe. Tukasukuma. Nilivua viatu, nikaweka bega kwenye buti, nami na kanzu yangu, tukakata mji wa Kabambare mchana kweupe. Wenye maduka walitoka nje. Watu waliacha biashara sokoni wakaja kusimama kando. Nikasikia mwanamke anauliza:

— Yule wa kanzu ni nani?

— Ule? Ule ndiye mukwe wa Papa Ramazani. Gari ni yake.

Nilisukuma huku nalia. Sikulia kwa sababu ya gari. Kila Safia alipopiga kelele nilikuwa najiambia: akifa huyu, nimemuua mimi kwa honi na uwongo. Kwa kuwa laiti ningesema kweli asubuhi, wangekuwa wamekwisha kutafuta njia nyingine. Wote walijua siku za Safia zimetimia, wakatulia kwa sababu gari iko njiani.

Tulifika. Wauguzi wakampokea. Tukangoja nje, Papa Ramazani anakwenda na kurudi, mpaka muuguzi akatoka.

— Mtoto wa kiume. Mama yake iko mzima. Mungekawia kidogo, nisingejua la kuwaambia.

Nikapiga magoti mbele ya Papa Ramazani, pale pale kwenye kokoto.

— Papa, nisamehe.

— Simama, mwanangu. Mbuzi wenu na vitenge, murudi navyo. Sikukatai milele. Nimesema si leo.

Nikamfuata Amisa ukutani, alikokuwa ananawa mikono.

— Amisa, nilifanya kwa ajili yako.

— Usinitie mimi humo. Mimi sikukuomba gari. Asubuhi nzima nilikuuliza neno moja tu. Nilikuuliza uko wapi.

— Niliona haya.

— Na mimi je? Mume asiyeweza kuniambia amekwama, siku mutoto wetu anaumwa nitamuuliza nini? Nenda, Ayoubu.

Nilirudi Kasongo nyuma ya pikipiki ya mjomba. Gari ikabaki uani mwa hospitali, wakaanza kuanika mashuka juu yake.

Nilikodi pikipiki, nikarudia kazi yangu ya mchele na mawese. Miezi miwili nilimwandikia Amisa kila Alhamisi, hajibu. Nilimwambia kila kitu hata kile asichouliza. Kwamba ile taa ya rangi ya chungwa niliiogopa tangu siku ya kwanza nikaibandikia karatasi. Kwamba Gédéon siku hizi hapokei simu yangu. Kwamba Kasongo wananiita Bwana Turbo, na ninaitika.

Alhamisi moja, mwezi wa tatu tangu aibu ile, nikaamua kwenda mwenyewe kumwomba msamaha. Nilimwandikia kwamba nitafika adhuhuri. Kufika Wamaza, katikati ya njia, gurudumu la nyuma likapasuka, na mpira wa ndani wa akiba nimeusahau nyumbani. Nimeketi kando ya njia, simu ikalia. Ujumbe wa kwanza tangu siku ile.

"Uko wapi?"

Nikaandika: "Niko karibu." Nikayatazama yale maneno mawili. Jamani, uwongo una mizizi! Nikafuta. Nikaandika upya:

"Niko Wamaza. Gurudumu limepasuka. Sina mpira wa akiba. Nimejaa vumbi na naona haya sana."

Jibu likakawia. Kisha:

"Gurudumu la ukubwa gani?"

Nikamwambia.

"Kaa hapo. Nakuja na mpira."

Alikuja mwenyewe kwa pikipiki, mpira begani, vumbi mpaka ndani ya masikio. Tulitengeneza gurudumu pamoja. Alipomaliza kukaza nati akaniuliza:

— Na ukweni utaingia vipi safari hii?

— Kama mutu wa pikipiki. Wakinipa chakula nyuma ya jiko, nitakula.

Akacheka. Miezi mitatu sikuwa nimekisikia kicheko kile, nikageuza uso asinione.

Papa Ramazani alikubali mahari baada ya mfungo. Siku ya ndoa viti vya wageni vilipungua, na shangazi, huyohuyo, akapata wazo. Walikwenda hospitali na spana za Amisa, wakafungua vile viti viwili vya ngozi kwenye gari, wakavileta uani, wakavipanga juu ya mkeka. Ndipo tulipoketishwa sisi maarusi, mbele ya Kabambare nzima na nusu ya Kasongo. Doa la damu ya Safia bado lilikuwa pale, limefifia, na yeye mwenyewe yuko mstari wa mbele, mtoto amelala mapajani mwake.

Watu walikula, wakacheza, wakapiga picha. Mimi niliketi, mkono juu ya ile ngozi, shingo inawaka.

Amisa akaniinamia ndani ya ushungi wake.

— Uko wapi?

— Niko njia ya hospitali. Bado nasukuma.

Akautafuta mkono wangu, akaushika mbele ya baba yake na watu wote.

— Basi acha, Ayoubu. Tumefika.