Matiko Wawili kwenye Benchi Moja

Sasa nasoma shule ya bweni Rodi Kopany, na kila asubuhi kengele ikilia namkumbuka nyanya. Kule kwetu Ntimaru hakukuwa na kengele. Kulikuwa na harufu ya uji wa wimbi, moshi wa kuni machoni, na sauti ya nyanya ikiniambia, "Helen, jua limekuacha kitandani!" Baba na mama walikuwa wakiuza nguo sokoni Migori, kwa hiyo mimi na mdogo wangu Matiko tulilelewa na nyanya. Nazitamani siku zile, hata ile moja mbaya.

Likizo moja Matiko alishikwa na homa. Nyanya alimfunga mgongoni tukaenda zahanati. Kwake zahanati ilikuwa kama kanisa: uende msafi, uketi kimya, na daktari akisema jambo uitikie. Kwenye benchi letu alikuwapo Matiko mwingine, mtoto aliyekuwa akidungwa sindano za kifua. Kwetu ukiita jina hilo sokoni, nusu ya soko itageuka.

Nilitoka kumletea mdogo wangu maji. Nyuma yangu, kama nyanya alivyotusimulia baadaye, Sista Joyline, muuguzi wa zamu, aliita, "Matiko!" Nyanya akasimama.

"Huyu ndiye wa kifua?" Sista aliuliza huku akivuta dawa kwenye sindano.

"Ndiyo, Sista," nyanya akajibu kwa heshima.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa ameshadungwa sindano ya yule mwenzake; midomo yake ilikuwa imevimba na pumzi inakoroma. Nilipiga mayowe. Bwana Bichage, msimamizi wa zahanati, alikuja mbio, akamdunga dawa nyingine na kumwekea oksijeni. Tuliketi tukikitazama kile kifua kidogo. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Jioni Matiko alifumbua macho akaomba uji, na nyanya akalia.

Kesho yake baba alifika kutoka Migori akiwa amewaka. "Huyo Sista afutwe kazi leo hii!" alifoka. Hata mimi nilitaka afutwe.

Joyline alikuwa na macho mekundu. "Ni mimi nilimdunga, Baba Helen. Nisamehe."

Bwana Bichage alimpa baba kiti. "Una haki ya kukasirika," alisema. "Lakini nikimfukuza Joyline, kesho muuguzi mgeni ataita Matiko, na atasimama Matiko yeyote. Hapa sisi humuuliza mgonjwa maswali ya kuitikia tu. Nani hapa amewahi kumwambia daktari hapana?"

Baba akakikalia kile kiti.

"Mimi si mtu ya kubishana na daktari," nyanya alisema polepole. "Nilifikiri yeye anajua."

"Basi tutabadilisha namna ya kuuliza. Kabla ya dawa yoyote, mgonjwa ndiye atatuambia jina lake lote na anaumwa nini."

"Hapo sasa mmenifunga," nyanya akasema. Jina la pili la Matiko lilikuwa la baba mkwe wa nyanya, na kwetu mwanamke halitamki jina la baba mkwe. "Niulizeni jina ya mama yake. Hiyo naweza sema mchana kutwa."

Bwana Bichage akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wakakubaliana: jina la mtoto, jina la mama yake, na ugonjwa. Baba aliondoka bila kumpa Joyline mkono, lakini habari za kumfuta kazi hakuzirudia.

Miezi ilipita, tukampeleka Matiko kuchanjwa. Kufikia hapo hakukuwa na mfanyakazi wa zahanati asiyemjua. Hata hivyo, Sista Joyline aliiweka sindano chini, akauliza, "Mtoto anaitwa nani, nyanya? Mama yake ni nani, na mmekuja kwa shida gani?"

Nyanya aliangua kicheko. "Sista, huyu wewe humjui?"

"Namjua sana," Joyline alijibu, na yeye hakucheka. "Hata siku ile nilidhani namjua. Roho nzuri ya muuguzi haitoshi, nyanya. Mimi niulize kila mara, na wewe ujibu kila mara, hata tukijuana. Hivyo ndivyo watoto watakuwa salama."

Nyanya akaacha kucheka. Akasimama wima, akajibu kwa sauti iliyosikika hadi kwenye foleni nje:

"Matiko, mtoto ya Scovia! Na leo ni chanjo, si kifua!"