Kigae Kisichogawika

Kazi ilikwama kwenye asilimia tisini na nne, na Mboni hakushtuka. Programu hukwama. Kwa miaka sita alikuwa akipokea vipimo vya magofu, mamilioni ya nukta zilizopigwa na mashine ya mwanga, na kuzipitisha kwenye programu inayozikata vigae vidogo vidogo ili jumba zima lifunguke hata kwenye simu. Kilichomkera ni kwamba ilikwama palepale mara nne, na kila ilipokwama chumba chake pale Kilwa Masoko kilinuka chokaa mbichi.

"Ni ya jirani," alijiambia, ingawa jirani hakuwa akijenga.

Kanuni ya programu ni nyepesi. Mchemraba wa nukta ukizidi kiasi, hukatwa vipande vinane. Kipande kikizidi, nacho hukatwa vinane, hivyo hivyo mpaka kila kimoja kiwe chepesi. Mchemraba huu mmoja wa magofu ya kisiwa cha Songo Mnara ulikataa. Kila ulipokatwa, vipande saba vilitoka vitupu na cha nane kilibeba kila kitu. Mboni aliongeza kumbukumbu ya kompyuta, akapunguza kazi zinazokwenda kwa pamoja, akafuta nukta zilizojirudia. Kipande kilifika udogo wa punje ya mtama, na bado kilikuwa kizito kama jumba lote.

Alipofungua ramani akaona kilipo: kwenye kona ya chumba ambacho mzee Fakihi, mtunza magofu, alikataza kisipimwe kwa kuwa kina mwenyewe. Akampigia Sadick, anayezunguka na mashine.

"Uliingia kile chumba?"

"Sikuingia, dada Mboni. Nilipita nje tu."

"Sasa hizi nukta zimetoka wapi? Mwanga haukati kona."

"Wallahi sijui."

Kiapo ndicho kilichozidi kumtia shaka. Sadick alikuwa mchapakazi, lakini huapa hata akichelewa chai. Mboni akaamua moyoni kwamba kijana ameingia, na kwamba siri hiyo ikivuja hawatakanyaga tena kisiwani. Kesho yake alimwita nyumbani, akamsimamia mpaka akaifuta kadi yenye vipimo vya asili. Sadick alifuta, uso umemvimba.

Alipoondoka, Mboni alikaa mezani akampakata Nusaiba, binti yake wa miaka minne, mtoto pekee aliyesalia baada ya mimba tatu kuharibika. Akauzungushia mstari mchemraba ule kwenye skrini, akaufuta, akahifadhi. Programu ikaenda mbio hadi mwisho kwa dakika kumi na moja. Harufu ya chokaa ikakata. Alifurahi kweli, akacheka peke yake, na alipomshusha mtoto akakuta mapaja yake mwenyewe yamekufa ganzi.

Siku ya tatu kamba za kitanda zililegea upande anaolala Nusaiba. Siku ya tano, mchana jua likiwa utosini, alimkuta mtoto amesimama nyuma ya mlango, kauelekea ukuta, ananong'ona.

"Unaongea na nani?"

"Anasema humu ndani pamebana, mama."

Kule kliniki nesi alimpima, akabadilisha mizani, akampima tena, akaandika kilo thelathini na nane huku akimtazama Mboni kana kwamba amemficha mtu ndani ya kanga. Na gauni la mtoto lilikuwa lilelile la Idi, mikono yake ileile myembamba, ila aliposhuka kwenye mizani sakafu ilitoa sauti ya gunia linalotuliwa, na njia nzima ya kurudi nyumbani Mboni aliyasikia yale makanyagio madogo mazito nyuma yake, na ile harufu ya chokaa mbichi imetangulia mbele, inawangoja mlangoni. Hapo alikubali kuogopa. Alimpigia mzee Fakihi, akamweleza yote.

"Shikamoo," alikumbuka mwishoni.

"Marahaba, mwanangu. Sadick hakuingia. Mimi nilikaa mlangoni siku nzima. Ulipomtoa mwenye chumba, ulimwambia aende wapi?"

"Sikujua kama natoa mtu."

"Sisi hatumtoi bila kumwonyesha pengine pa kukaa. Nani alikuwa karibu yako?"

Mboni alimgeukia Nusaiba, aliyekuwa amempakata siku ile.

"Mlete," mzee alisema taratibu. "Na ile mashine. Tutamwomba arudi. Akirudi, utamwona humo kwenye kompyuta kama ulivyomwona mwanzo: itakwama."

Walivuka asubuhi, Sadick na mashine yake, Mboni na mwanawe. Mboni alimwomba Sadick radhi kwenye boti, na Sadick akasema yameisha, ingawa hakumtazama. Mzee Fakihi alifukiza ubani kwenye kile chumba, akanyunyiza marashi kwenye kona, akasema na mwenyewe kwa adabu, kama mtu anayemrudisha mgeni aliyeudhiwa. Sadick alipita na mashine kwa njia ileile, vituo vilevile. Kisha Mboni akafungua kompyuta barazani kwa mzee, akaiendesha programu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii aliomba ikwame.

Themanini. Tisini. Tisini na nne, ikasimama, na Mboni akaushika mkono wa Sadick kwa nguvu, akahesabu pumzi zake, akawaza kwamba sasa amekaa, sasa ametulia kwenye kona yake, na mwanangu mwepesi tena, na nitambeba mgongoni mpaka botini. Halafu tisini na tano ikaja, na sita, na ikateleza hadi mia bila hata kigae kimoja kuzidi.

"Imepita," Sadick alisema kwa mazoea, kisha akaona uso wa Mboni.

Mzee Fakihi alifunika chetezo.

Ufukweni Nusaiba alikuwa wa mwisho kupanda. Alipokanyaga, boti ililala upande wake, maji yakafika ukingoni, na nahodha akashika nguzo.

"Tulikuja wanne pamoja nami," alisema kwa sauti ya chini. "Mmepakia nini tena?"

Nusaiba aliinua mikono yake miwili.

"Mama, nibebe."

Mboni aliinama, akajaribu.