Ugonjwa Haufuati Jina

Kila asubuhi, kabla filimbi ya kazi haijapigwa, Kagure alimketisha binti yake mlangoni na kumwangalia nyayo.

"Mama, si umeziangalia jana?" Wawira alilalamika. "Zimekwenda wapi tangu jana?"

"Nyamaza. Lete mguu mwingine."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa uhuru msituni. Watu wa upande huo wa Runyenjes walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao na kukusanywa katika kijiji kimoja. Nyumba zilisimama kwa mistari, zimebanana. Mtaro mrefu ulikizunguka kijiji, na wanawake ndio waliouchimba. Jioni lango lilifungwa. Aliyechelewa nje alijitakia makubwa.

Kagure aliyavumilia hayo yote. Hakuwa mtu wa kulialia. Kilichomnyima usingizi ni jina la binti yake.

Kwa Waembu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Binti wa pili hupewa jina la mama ya mama yake. Wawira alikuwa binti wa pili. Bibi yake, yaani mama mzazi wa Kagure, alikufa kwa kidonda cheusi chini ya mguu. Na ukoo wao uliamini kwamba mtoto akichukua jina, huchukua pia ugonjwa wa mwenye jina. Kwa hiyo Wawira alilindwa kama yai. Watoto wenzake walitembea peku, yeye alivalishwa akala za tairi.

Nyayo zake mwenyewe Kagure hakuziangalia. Aziangalie za nini? Yeye alikuwa binti wa kwanza. Jina lake lilitoka kwa mama ya baba yake, kikongwe aliyekufa na miguu mizima kabisa.

Hata hivyo, chini ya kisigino chake cha kushoto kulikuwa na doa. Kagure alisema ni mwiba uliovunjikia ndani alipokuwa mtaroni. Mwanzoni doa lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Sasa lilikuwa limetanuka, na jioni lilitoa damu kidogo.

"Jumapili nitamwomba jirani auchimbe mwiba huu kwa wembe," alimwambia mumewe, Mbogo.

"Auchimbe vizuri," Mbogo alisema. "Unachechemea kama mbuzi mzee."

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, homgadi mmoja, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alifika nyumbani kwao mchana. Nyuma yake alikuwa mwanamume mwembamba aliyebeba mfuko wa ngozi.

"Mimi ni Daktari Mutembei," mgeni alisema. "Nimezaliwa Kanyakine, huko Meru. Nilisomea Makerere."

"Basi sema Kimeru," Mbogo alimjibu. "Tutakusikia nusu."

"Nusu haitoshi leo, ndugu yangu. Tuseme Kiswahili ili tusikizane vizuri." Daktari alimgeukia homgadi. "Tafadhali, nisubiri kule langoni. Haya ni mambo ya ugonjwa."

Homgadi alisitasita, kisha akaenda zake.

Daktari alieleza kazi yake. Alikuwa akichunguza ugonjwa mmoja unaoitwa saratani ya ngozi. Aina aliyoichunguza huanza kama doa jeusi. Kwa watu weusi hupenda kutokea chini ya mguu, kwenye kiganja, au chini ya ukucha. Watu wengi huupata bila ndugu yao yeyote kuwa nao. Lakini alikuwa amekuta familia chache ambamo ulirudi tena na tena, na alitaka kujua sababu.

"Kule zahanati nimeambiwa kwamba mama yako alikufa kwa kidonda cha mguu," alimwambia Kagure. "Naomba uniambie habari za ndugu zako wote."

Mbogo alisimama.

"Hapana! Mtu akiuliza majina ya ndugu zako leo, kesho lori linakuja kuwabeba. Ndugu yangu mkubwa alikwenda hivyo hivyo. Mpaka leo yuko kizuizini."

"Una haki ya kuogopa," daktari alisema. "Sitaki jina hata moja. Nipe kaa la moto lililozimika."

Alichuchumaa. Alilainisha vumbi la sakafu kwa kiganja, akachora kwa kijiti. Mwanamke alikuwa duara. Mwanamume alikuwa kisanduku. Alichora duara moja juu.

"Huyu ni mama yako. Aliugua?"

"Aliugua," Kagure alisema. Daktari alilipaka duara hilo makaa likawa jeusi.

"Na wazazi wake?"

Kagure alifikiri. "Baba yake alitembea na mkongojo. Watu walisema alikanyaga mti mbaya. Kidonda hakikupona mpaka akafa."

Daktari alichora kisanduku juu ya duara, akakipaka makaa.

"Sasa ninyi watoto. Mlikuwa wangapi?"

"Hatuhesabu watoto," Mbogo alidakia. "Ni mwiko."

"Basi msihesabu. Mama, weka kidole chini kwa kila mmoja, mimi nichore."

Kagure alijikuta akitabasamu kidogo. Aliweka kidole mara mbili. Daktari alichora duara moja na kisanduku kimoja.

"Duara ni wewe. Huyu mwanamume?"

Tabasamu lilimtoka Kagure. "Ni Kathuri, kaka yangu. Amekufa."

"Kwa nini?"

"Alilishwa sumu na mke wake."

Hiyo ndiyo habari iliyojulikana kijiji kizima. Kathuri alipokufa, ukoo ulimfukuza mjane wake, Muthoni, pamoja na wavulana wake wawili. Kagure mwenyewe alisimama mbele ya watu na kumwita muuaji. Lakini serikali ilipowakusanya watu kijijini, haikuuliza nani amegombana na nani. Nyumba ya Muthoni ilikuwa pale pale, mlango wa tatu. Wanawake hao wawili walipitana kila siku bila salamu.

"Aliumwa wapi, huyo kaka yako?" daktari aliuliza polepole.

"Mguuni. Alikuwa na doa kwenye kidole gumba. Akalichoma kwa chuma cha moto. Baadaye akavimba hapa." Kagure alionyesha kwenye kinena. "Akakonda, akakohoa, akafa."

"Na kwa nini mlisema ni sumu?"

"Kwa sababu hakuwa na jina la mama! Yeye alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume. Alichukua jina la baba ya baba yetu. Ugonjwa wa mama ungempataje?"

Daktari alikipaka makaa kisanduku cha Kathuri. Sasa alama nyeusi zilikuwa tatu, zimeshuka moja baada ya nyingine: babu, mama, kaka.

"Huyo mwenye jina la Kathuri, babu yenu wa upande wa baba, miguu yake ilikuwaje?"

"Mizima mpaka siku ya kufa."

"Basi jina lake halikuwa na ugonjwa wowote wa kumpa."

Kagure aliitazama michoro ile. Majina ya kaka yake na yake mwenyewe yalitoka upande wa baba, upande wa miguu mizima. Lakini wote wawili walizaliwa na mwanamke yule yule mwenye duara jeusi.

"Daktari," alisema, "kwa hiyo ugonjwa haufuati jina?"

"Haufuati jina, mama. Hufuata damu. Mzazi anaweza kuupitisha kwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, wa kwanza au wa mwisho. Wengine hawarithi kitu. Na aliyerithi si lazima augue, ila yuko karibu zaidi na hatari. Mambo mengine bado sijayajua. Ndiyo maana natembea nikiuliza."

Duara la Kagure lilikuwa bado jeupe. Alilitazama, kisha akakaa chini, akageuza mguu wake wa kushoto juu.

"Niangalie," alisema.

Mbogo aliona uso wa daktari ukibadilika, na utani wote ukamwisha.

"Ni mwiba tu," Mbogo alisema kwa sauti ndogo. "Jumapili wanauchimba."

"Msiuchimbe! Msiuguse kwa wembe, wala chuma, wala dawa ya majani. Tazameni doa hili. Upande mmoja haufanani na mwingine. Kingo zimepindapinda. Rangi ni nyeusi, tena kahawia, tena kama buluu. Limekua?"

"Limekua."

"Linatoa damu?"

"Linatoa."

"Watu wengi wana madoa, na mengi hayana shida. Lakini doa linalokua, linalobadilika rangi, au linalotoa damu, linataka daktari haraka. Likikatwa mapema, mtu hupona. Likichelewa, hutembea mwilini kama lilivyotembea kwa kaka yako."

Kutoka kijijini haikuwa rahisi. Kila mtu alihitaji pasi. Hedimani, mkuu wa kijiji, alisema wanawake wanajifanya wagonjwa ili wakwepe mtaro. Daktari alibishana naye mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mwisho pasi ikatolewa. Mbogo alimsindikiza mkewe hadi langoni. Hapo alizuiwa.

"Urudi, mama Wawira," alisema.

Hospitalini Embu, Kagure alilala karibu na mama mmoja aliyekuja akiwa amechelewa. Kidonda chake kilikuwa cha miaka. Mama huyo alikufa kabla Kagure hajapasuliwa. Kagure aliogopa sana, akalia, akamwomba Mungu.

Madaktari walilikata doa lote pamoja na nyama iliyolizunguka. Walichukua ngozi kutoka paja lake wakaifunika sehemu hiyo. Kipande walichokata kilitazamwa kwa hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo sana. Daktari Mutembei alikuja kumpa majibu mwenyewe.

"Ilikuwa saratani, kama nilivyohofu. Lakini ilikuwa haijaingia ndani sana, na kinena chako hakina uvimbe. Utakuwa ukirudi tupime. Usikose hata kama umepona kabisa."

"Na watoto wangu?"

"Waangalie wote. Nyayo, viganja, kucha, mwili mzima. Mara moja kwa mwezi inatosha, usimchoshe mtu kila asubuhi. Na waangalie watoto wa kila mtu mwenye damu ya mama yako."

Kagure alijua hao ni akina nani.

Alirudi kijijini mchana mmoja wa mvua, akiegemea fimbo. Watoto wake walimkimbilia. Aliwakumbatia, akawaambia wamsubiri. Hakuingia nyumbani kwake. Aliendelea mpaka mlango wa tatu, akabisha.

Muthoni alifungua. Alipomwona, uso ulimkauka.

"Umekosea nyumba."

"Sikukosea. Nimekuja kuangalia nyayo za watoto wa kaka yangu."

"Leo ni watoto wa kaka yako? Siku ile uliponifukuza nao walikuwa wa nani?"

Machozi yalimtoka Kagure, akayaacha yashuke.

"Muthoni, kilichomuua Kathuri ni ugonjwa wa kwetu. Umo katika damu yetu, nami nilikuwa nao. Wewe hukumfanya kitu. Ulimuuguza peke yako, nasi tukakuita muuaji. Nitalisema hili mbele ya watu wote, kama nilivyosema lile. Nisamehe."

Mvua iliwanyeshea wote wawili. Muthoni hakuuachia mlango.

"Msamaha ungoje hapo nje kwanza," alisema. "Lakini watoto, waangalie."

Aliwaita wavulana wake, Mutugi na Njiru. Kisha, bila kumtazama Kagure, alisogeza kigoda ili wifi yake aketi na kuupumzisha mguu. Kagure aliwachunguza mmoja mmoja, kidole kwa kidole. Hakukuwa na doa. Alimfundisha Muthoni mambo ya kutazama, na Muthoni aliyarudia mpaka akayashika.

Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisani, Kagure alisimama kwa fimbo yake akasema ukweli kwa sauti ya kusikika. Baadhi ya wazee walikasirika. Yeye hakuyarudisha maneno yake.

Miaka ilipita, watu wakarudi mashambani. Kagure aliishi mpaka akapata wajukuu, akichechemea kidogo. Jioni moja Muthoni aliona alama nyeusi chini ya ukucha wa Njiru, ambaye alikuwa sasa kijana mkubwa. Njiru alichukua jina la baba ya Muthoni, mtu asiye na damu ya ukoo ule hata tone. Muthoni hakuulizia jina. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kagure, nao wakampeleka hospitali pamoja. Njiru alipoteza ncha ya kidole. Msimu uliofuata alikuwa shambani akichuma kahawa ya mama yake.